Lango la Karatasi

Mkono wa kulia wa Fundi ulipokufa, hakuuliza kama utapona. Aliuliza tuko mwezi gani.

Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake wodini. Mdomo wake ulikuwa bado umevutwa upande mmoja, na maneno yalimtoka kwa shida kama ya mtu mwenye tonge la moto kinywani. Nilimtajia mwezi. Akafumba macho, midomo ikawa inachezacheza, nami nikaelewa anahesabu nini. Shadia, mjukuu wa dada yake, alikuwa aingie unyagoni likizo ya Juni. Siku ya wali, yaani mabinti waliokuwa ndani, kutolewa nje, binti huyo alitakiwa apite chini ya lango la karatasi lililokatwa na Fundi kwa mkono wake, kama alivyopita mama yake, Zuhura, na kama walivyopita mama zake wadogo wote. Katika nyumba ile Shadia ndiye aliyekuwa binti wa mwisho. Waliobaki walikuwa wavulana.

"Muda upo," alisema alipofumbua macho.

Mkono wenyewe ulilala juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa pale.

Nilimfahamu miaka mingi, kama jirani na kama mteja. Nina duka dogo la steshenari hapa Newala. Nauza madaftari, kalamu na karatasi za manila, na natoa nakala. Yeye alikuwa fundi wa mapambo ya karatasi. Mji wetu una mafundi wengi, wa baiskeli, wa tofali, wa cherehani, wa simu, lakini mwenye sherehe akiambiwa aende kwa Fundi hakuuliza yupi. Jina alikuwa nalo. Nililiona kwenye kadi yake ya kliniki, na hata hapo nilihisi nimechungulia jambo lisilonihusu.

Hakukaa kwenye kiti akiwa kazini. Alitandika mkeka, akanyoosha miguu, akaweka karatasi juu ya mapaja, na mkasi ulining'inia shingoni kwa kamba ya katani ili usipotee kwenye mabaki. Kabla ya kukata karatasi yoyote aliishika pembe moja, akaitikisa karibu na sikio. Karatasi kavu, alisema, inaongea. Iliyokunywa maji inanung'unika. Wateja wangu dukani walidhani ni kichekesho. Mimi nilijaribu kwa muda mrefu, peke yangu, nyuma ya kaunta, mpaka na mimi nikaisikia tofauti. Tangu hapo sijauza karatasi bila kuitikisa.

Alinunua kidogo sana. Nyingi aliziokota au kuziomba: nakala zilizoharibika kwenye mashine yangu, magazeti ya zamani, karatasi za khaki za mifuko ya saruji ambazo alizikung'uta, akazifuta kwa kitambaa kibichi na kuzipiga pasi ya mkaa. Rangi alitumia ile ya kutilia ukindu wa mikeka. Gundi hakununua kamwe. Watu wengi hapa hubandika kwa uji wa muhogo, nao unashika vizuri, ila usiku mmoja tu mende na panya wanajua kuna karamu. Yeye alitumia utomvu wa mkorosho. Alizunguka kwenye mikorosho mikongwe, akabandua madonge ya utomvu mkavu yaliyotoka kwenye vidonda vya shina, akayaloweka kwenye kopo. Hakuna mdudu anayeugusa. Na kwa kuwa maji ni shida huku juu, aliyaloweka kwa maji ya kuoshea vyombo, yale ya mwisho, yaliyokwisha tuama.

Mtu angemwona hivyo angemdhania mbahili. Lakini kesho yake baada ya sherehe, kila alichokitengeneza alikishusha na kukichoma moto. Maua, minyororo, taa za karatasi, nyota, vyote. Mama mmoja wa Kikristo alimsihi amwachie nyota ya Krismasi aliyomkatia, aitundike mwaka unaofuata. Alikataa. Alimwambia mwaka unaofuata watakaa tena mkekani wakate nyingine, na kama hawatakuwa na nguvu ya kukata nyota, basi hawatakuwa na nguvu ya kusherehekea. Mama yule alinuna. Mwaka uliofuata alimwita tena.

Kwa upande mwingine, nyumba yake mwenyewe haikuwa na hata ua moja. Kuta tupu, zilizopakwa chokaa, na kalenda ya duka la pembejeo. Nilimuuliza sababu mara moja tu. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini hajavaa kanzu ya Idi shambani. "Leo kuna nini hapa?" alisema, akaendelea na kazi yake.

Hakukubali kumpambia mtu nyumba peke yake. Hilo liliwaudhi wengi, hasa wenye uwezo. Alifika na kikapu kitupu, akataka wenye nyumba wote wakae chini, baba hadi bibi, akawagawia karatasi. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa korosho, mtu mnene, mwenye sauti, aliyekuwa akimwoza binti yake. Alisema yeye ana wageni wa kupokea na hana muda wa kuchezea makaratasi. Fundi akafunga kikapu chake bila kugombana, akawa anavaa viatu. Mke wa yule mfanyabiashara akamshika mumewe bega, akamkalisha. Bwana yule alitengeneza mnyororo wa karatasi uliopinda kama njia ya panya, na jasho lilimtoka kuliko siku ya mnada. Fundi aliuchukua mnyororo huo, akautundika juu ya kiti cha bibi harusi, mahali ambapo kila mgeni lazima aangalie. Mkewe alisema kwa sauti ya chini kwamba ni aibu. Lakini jioni nzima nilimwona yule bwana akimshika mgeni mmoja baada ya mwingine kwenye kiwiko, akimwonyesha juu, akisema, "Ule wangu."

Fundi alikuwa Mwislamu wa swala tano, na aliwakatia Waislamu matao ya maulidi na Wakristo mapambo ya komunyo na kipaimara bila kubadilisha uso. Alikwenda hadi Lukuledi na Chidya alipoitwa. Alichobagua ni hali ya hewa. Alisema kuna dini mbili tu katika kazi yake, kukauka na kulowa.

Hilo ndilo wasilolijua watu wa Masasi. Masasi iko chini, kuna joto, na karatasi iliyotundikwa jioni inaamka kama ilivyolala. Newala iko juu ya uwanda, na miezi ya baridi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma alfajiri ukaingia mpaka chumbani. Hapa hatutundiki karatasi kabla jua halijaula ukungu. Kuna mwaka ndugu wa bwana harusi mmoja walipanda kutoka Masasi na mapambo yao tayari, wakayatundika jioni ili asubuhi wapumzike. Fundi alipita njiani, akasimama, akawaambia wayashushe. Wakamjibu kwa heshima kwamba mzee asijisumbue. Asubuhi karatasi zote zilikuwa zimelegea kama majani ya mgomba yaliyobabuliwa, na rangi nyekundu ilikuwa imedondokea vitambaa vyeupe vya meza. Walikuja kumgongea. Alikwenda, akakata upya hadi wageni walipoanza kuingia, na katika muda wote huo hakusema lile "niliwaambia" ambalo kila mtu alilingojea. Alilisema baadaye, wiki nzima, kwa kila aliyepita. Alipenda sifa, na sioni sababu ya kumficha.

Mtu pekee aliyeweza kumtania juu ya kazi yake alikuwa fundi viatu wa sokoni, Myao aliyezaliwa upande wa Masasi na kuhamia huku zamani. Kwa ukoo wao walikuwa watani, na utani waliufanya kazi. Kila asubuhi yule fundi viatu alimuuliza kwa sauti, mbele za watu, imekuwaje Wamakonde wenzake wanachonga mpingo, watu wanatoka mbali kununua, yeye anachonga gazeti. Fundi alimjibu kwamba mpingo unamfaa mtu asiyejua anachotaka, maana anao mwaka mzima wa kufikiri. Halafu walikunywa chai pamoja.

Fundi amekwisha kufa, na nitalisema hapa kwa kuwa linamhusu zaidi yule mtani. Siku ya mazishi, jeneza lilipofika mlangoni, fundi viatu alijilaza kizingitini na kukataa lisitoke. Alisema mkono wa kulia ulitangulia kufa na wala haukuzikwa. Sasa ukoo umlipe kwanza kwa ule, ndipo aruhusu mwili uliobaki. Wanawake walicheka huku wanalia. Wakampa kuku, akaamka, na yeye ndiye aliyebeba upande wa mbele hadi makaburini bila kukubali kupokewa.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mvua za mwisho zilikuwa zinaisha, na kwa kila aliyekwenda kumjulia hali jambo lilikuwa wazi: hangeweza kukata tena. Na lango la mwali lazima likatwe na mjomba. Hiyo haikuwa desturi ya kila nyumba huku kwetu. Aliianzisha yeye mwenyewe, kwa Zuhura. Ilikuwa pazia pana la vipande vya karatasi vilivyokatwa na kuunganishwa, likining'inia kati ya miti miwili kwenye mlango wa ua. Mwali huja amefunikwa khanga, ameinamisha kichwa, akiongozwa na kungwi wake. Akifika chini ya lango hufunuliwa, akainua uso, na watu wa kwao wanamwona kwa mara ya kwanza tangu aingie ndani. Kwa kuwa kwetu mjomba ana neno kubwa kwa watoto wa dada yake, hakuna aliyembishia, na baada ya mabinti wachache ikawa kama ilikuwapo siku zote. Sasa zamu ya Shadia ilikuwa imefika, na mkasi umening'inia ukutani.

Zuhura ndiye aliyethubutu kulitaja. Alikuja na uji, akaketi, akazunguka na maneno kama mtu anayetafuta pa kutua mzigo. Alisema kuna mpambaji Masasi, ana vitambaa, maputo na maua ya plastiki, anakuja na gari lake, anafunga kila kitu, na mjomba atakaa tu kwenye kiti cha heshima. Alisema Shadia mwenyewe hatajali.

Fundi alimsikiliza hadi mwisho. "Nikishindwa nitasema mwenyewe," alimwambia. "Msishindwe kwa niaba yangu."

Zuhura akaondoka akifuta macho, na jioni dada mtu, Mama Zuhura, akaja mwenyewe. Huyo hakuzunguka. Alikuwa mkubwa kwa Fundi na aliwahi kumbeba mgongoni. Alimwambia atampa mpaka siku wali watakapoingizwa ndani. Siku hiyo atakuja kutazama. Akikuta hakuna lango, atampigia simu mpambaji wa Masasi.

"Na hutanuna," alisema.

"Sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna," Fundi akakubali, "lakini sitasema."

Mwezi wa mwanzo ulikuwa mbaya. Alijaribu mkasi kwa mkono wa kushoto, na mkasi ukawa unakunja karatasi badala ya kuikata. Mimi ni mtu wa kutaka kujua kwa nini; nilikaa na mkasi ule dukani, nikaufungua na kuufunga, nikaona kwamba mkono wa kulia ukibana unazisukuma bapa zikutane, na wa kushoto unazitenganisha. Nilikwenda kumweleza. Alisema analijua hilo tangu kabla sijazaliwa. Ndiyo maana maisha yake yote aliwafukuza wenye shoto wasiguse mkasi wake. Nikamtengenezea kibanio cha mbao cha kushikia karatasi. Alikishukuru na kukiweka kando, na baadaye nilikiona kimeshikilia dirisha lisipige na upepo.

Kila asubuhi alikaa mkekani. Nilipopita kwenda kufungua duka nilimwona ameinama, na niliporudi mchana kumletea mabaki ya karatasi nilimkuta vilevile, vipande vilivyoraruka vimemzunguka, udenda wa upande ule uliopooza unamtiririka bila yeye kujua. Alijifuta, akaendelea. Mara nyingine alitukana kwa Chimakonde, polepole, neno moja moja, kama anayefanya mazoezi ya kusema. Hakupumzika zaidi ya muda wa swala. Mwili ulikuwa umemgeuka, naye aliushughulikia kama alivyoshughulikia karatasi yenye maji: hakuulaani, aliungojea ukauke.

Siku moja nilikuwepo yule fundi viatu alipoingia. Hakuwa amekuja tangu hospitali, na nilimwona mlangoni akikusanya uso wake kabla ya kuvuka. Alisalimia, akaketi, akatazama vipande vilivyotapakaa, akatazama kisu cha kukatia ngozi alichokuwa nacho kiunoni kwa mazoea, na akatazama mkono wa kulia uliolala pajani.

"Mmakonde," alisema, "huyu mzigo wako hapa pembeni anafanya kazi gani?"

"Amelala."

"Naona. Anakula ugali wako na kulala. Kwetu Uyaoni mtu wa namna hiyo tunamkalisha juu ya mkeka upepo usiupeperushe. Mlaze juu ya karatasi basi, alale hapo. Si mzito?"

Hakuna aliyecheka. Kwa mkono wa kushoto Fundi akaunyanyua mkono wa kulia kutoka pajani, akauweka juu ya rundo la karatasi ya khaki mbele yake, kiganja chini. Karatasi haikusogea. Akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwa mtani wake bila kumtazama, na yule bwana akachomoa kisu kiunoni akampa mpini.

Kisu cha fundi viatu ni kifupi, kimenolewa upande mmoja, na hukata kwa kusukumwa. Fundi alikisukuma mara moja kwenye karatasi, juu ya ubao wa kukatia mboga. Kikapita tabaka zote kwa mstari mmoja safi. Alirudia. Mstari wa pili ukakutana na wa kwanza kwenye ncha.

"Kinakata ngozi ya ng'ombe," fundi viatu alisema. "Gazeti litakishinda?"

Kisu kile hakikujua mviringo. Maua yote ambayo Fundi alisifiwa kwayo, waridi, yungiyungi, maua ya mkorosho yaliyokunjwa kwenye ncha ya mkasi, hayakuwezekana tena. Nilidhani litamwumiza. Alisema ua limekufa na mkono wake, na kwamba sasa tutaona kisu kinajua nini. Kilijua pembe, vidirisha, mistari iliyovunjika kama chale za nyuso za bibi zetu. Alikata hivyo wiki baada ya wiki. Akichoka, aliuhamisha mkono uliolala kwenda kwenye karatasi nyingine, taratibu, kama anayemhamisha mtoto bila kumwamsha.

Gundi nilipaka mimi. Alikubali hilo kwa sababu, alisema, sheria inahusu kukata tu. Nilikoroga utomvu, nikaunganisha vipande kwenye nyuzi kwa mpangilio alioutaka, na aliponiona nimepotosha hata kwa upana wa ukucha alinifungulisha. Kipande kimoja tu hakunipa. Hicho kilikuwa cha katikati, mahali ambapo uso wa mwali unapita. Alikikata akiwa ameupa mlango mgongo, akakikunja, akakifunga kwenye khanga ya zamani hadi atakapokibandika mwenyewe.

Siku wali walipoingizwa ndani, Mama Zuhura alikuja kama alivyoahidi. Lango lilikuwa limefika nusu. Alisimama mlangoni na simu mkononi, akalitazama lililokuwa limetandazwa sakafuni, akaitazama ile mikono miwili, mmoja unasukuma kisu na mmoja umelala. Akaiweka simu ndani ya sidiria, akavua kandambili, akaketi kwenye pembe ya mkeka na kuuliza kamba ziko wapi, azisokote.

Asubuhi ya kuwatoa wali ukungu ulikuwa mzito kuliko wote niliouona mwaka ule. Mti wa pili kutoka mlangoni haukuonekana. Lango lilikuwa tayari, limekunjwa na kuwekwa jikoni kwa Zuhura, karibu na mafiga, ambako moto ulikuwa unawaka tangu alfajiri. Miti miwili ilikuwa imesimikwa. Fundi alikaa kwenye kigoda jikoni, moshi unamtoa machozi, na kila muda alishika pembe ya karatasi akaitikisa karibu na sikio.

Tuliketi tukingoja jua. Wageni walijaa uani, mabega yao yamelowa. Ikaja habari kutoka kwa makungwi kwamba hawatangoja zaidi; wali wamekwisha kuvishwa, njia ni ndefu, na nyumba nyingine zinasubiri mabinti zao. Zuhura alimwendea mjomba wake, akapiga magoti, akamwomba litundikwe hivyohivyo. Litalowa, lakini litakuwa limetundikwa. Fundi akakataa. Nilimwona Mama Zuhura akimtazama mdogo wake kwa hofu, kwa kuwa sote tulijua kwamba lango likitundikwa litararuka kwa uzito wa maji kabla binti hajafika, na lisipotundikwa binti atapita chini ya miti mitupu.

Ngoma ikasikika upande wa barabara, bado ndani ya ukungu.

"Ng'oeni hiyo miti," Fundi alisema.

Wanaume wakatazamana. Akarudia. Walipoing'oa, alisimama, akatuambia tulibebe lango kutoka jikoni likiwa limekunjwa, chini ya miavuli, mpaka mlangoni mwa ua, na tusilikunjue mpaka atakapotoa neno. Alisema hatalitundika kwenye ukungu. Litashikwa. Kamba ya kushoto akaishika mwenyewe, akaizungusha kwenye ngumi yake. Kamba ya kulia akampa mtani wake.

"Ama kweli," fundi viatu akanong'ona, "Myao leo nimekuwa nguzo ya Mmakonde."

"Nguzo haisemi."

Ngoma ikakaribia. Zikatokea khanga kwanza, kisha miguu, kisha mwavuli wa kungwi, na chini yake Shadia, kichwa chini, anakwenda kwa hatua fupi. Fundi hakutoa neno. Walipofika karibu kiasi cha sisi kusikia pumzi zao, akasema, "Kunjueni," na tukaliachia. Lilishuka kwa mlio mkavu, wa karatasi inayoongea. Alinyanyua mkono wa kushoto juu ya kichwa chake, mwili mzima ukatetemeka kwa kukosa mkono wa kujishikilia, na mguu dhaifu ukaanza kuteleza. Mama Zuhura akapita nyuma yake, akambana mgongoni kwa mwili wake wote. Kungwi akaivuta khanga. Shadia akainua uso.

Vigelegele vilipanda. Akapita. Fundi akasema tushushe, tukashusha, na karatasi ilikuwa imeanza tu kulegea pembeni.

Walilichoma kesho yake, jioni. Mimi nilikuwa nimerudi dukani.

Alikuja baada ya siku chache, peke yake, kwa fimbo, akapumzika kwenye ngazi kabla ya kuingia. Wateja walimwamkia shikamoo, akaitikia. Alingoja waondoke. Akaomba manila nyeupe, akaitikisa karibu na sikio, akaridhika. Kisha akaniuliza, mimi niliyegundisha karibu lango zima kwa mikono yangu, katikati palikuwa na nini.

Nilifungua mdomo nimjibu. Mimi husahau majina, lakini kitu nilichokiona kwa macho sikisahau. Ndivyo nilivyojifunza kila ninachokijua. Nilijaribu kuliona lile pazia limeshuka. Niliona pembe za kando, niliona kamba, niliona ngumi ya Fundi. Katikati niliuona uso wa Shadia, matone ya ukungu kwenye nyusi zake, na jinsi alivyofinya macho kwa sababu ya mwanga. Nyuma ya uso huo sikuona kitu.

Nilimwambia sijui.

Alisema amemuuliza dada yake, naye hajui. Zuhura hajui; anakumbuka uso wa mwanawe tu. Mtani wake, aliyekuwa ameshika kamba, alijibu kwamba palikuwa na makosa, lakini alipobanwa ataje lipi, hakulijua. Alinieleza hayo polepole, na upande wa mdomo uliokuwa mzima ulikuwa unapanda. Nilimwomba aniambie yeye basi alikata nini pale.

"Aa," alisema, akiibana manila chini ya kwapa. "Kama hamkuona, basi lilikaa sawa."